Chungu Kimoja, Walaji Saba: Maswali na Majibu Kuhusu Mlo wa Familia Yenye Shughuli Nyingi

Nyumba inayozungumziwa hapa ni ya kawaida katika jiji kama Dar es Salaam. Baba na mama hutoka alfajiri kuwahi daladala, na watoto wawili hupanda basi la shule kabla jua halijachomoza. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hubaki na bibi yake pamoja na dada wa kazi, na wote saba hukutana mkekani baada ya saa mbili usiku. Maswali yanayofuata ni yale ambayo wazazi wa nyumba kama hiyo huuliza mara kwa mara wanapompeleka mtoto kliniki. Wengi wao huyauliza wakiwa na hofu kwamba kula vizuri kunahitaji fedha wasizokuwa nazo. Majibu yake, kwa sehemu kubwa, yamo ndani ya chungu kile kile wanachokipika kila siku, na katika namna kinavyopakuliwa.

Sisi tunakula ugali na maharage karibu kila siku. Je, huo ni mlo duni?

Hapana. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ambayo ni moja ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, na maharage yana laisini kwa wingi. Kile kilichopungua katika maharage, nacho kinapatikana katika mahindi. Waliotutangulia waliviweka viwili hivyo katika sahani moja, na vinakamilishana vizuri sana. Mlo huo ukiongezewa mchicha au matembele, na tunda lolote la msimu, unakuwa mlo wa kuheshimika.

Kasoro huanzia kwenye upakuaji. Mtazame mtoto mdogo anavyokula: hukata tonge, hulichovya, na kinachopanda na tonge ni mchuzi. Maharage yenyewe hubaki chini ya bakuli hadi mtu mzima ayamalize. Mchuzi una ladha, chumvi na mafuta, lakini protini na madini ya chuma vimo ndani ya punje. Kwa hiyo mpakuaji azamishe upawa hadi chini ya sufuria, ayaponde maharage ya mtoto mdogo kwa mgongo wa kijiko, na ahakikishe kwamba yameliwa. Hali ni hiyo hiyo kwa nyama na samaki, kwa maana katika nyumba nyingi mtoto husemekana amekula nyama ilhali amekula supu yake tu.

Maharage huchukua muda mrefu kuiva, nasi hatuna muda. Tufanyeje?

Yaloweke usiku, uyamwage maji hayo asubuhi, kisha uyainjike kwa maji mapya. Kuloweka hupunguza muda wa kupika, na hivyo mkaa au gesi, na pia hupunguza vitu vinavyosababisha tumbo kujaa gesi. Jambo moja lisipuuzwe: maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huharibiwa na maji yanayotokota kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika kumi. Maharage yaliyopata moto mdogo tu, hata yakikaa jikoni siku nzima, yanaweza kusababisha kutapika na kuharisha. Yachemke kwanza kwa nguvu, ndipo moto upunguzwe.

Mwenye friji anaweza kuchemsha ya siku mbili au tatu, akayahifadhi kabla ya kuyaunga, na kila jioni akaunga yanayotosha mlo wa siku hiyo kwa kitunguu, nyanya na nazi. Kwa mama anayefika nyumbani saa moja usiku, hiyo ndiyo tofauti kati ya kupika na kununua chipsi njiani.

Tunakula katika sinia moja ili tuwe pamoja. Je, kuna ubaya?

Kula pamoja ni jambo jema, wala hakuna sababu ya kuliacha. Hata hivyo mtoto aliye chini ya miaka mitatu hawezi kushindana na mikono ya wakubwa. Yeye hula polepole, huangusha, hucheza kidogo, na anaporudi kwenye sinia hukuta pembe yake imeshaliwa. Mtu akiulizwa kama mtoto amekula atajibu kwa dhati kwamba amekula, kwa kuwa alikuwa amekaa pale, lakini hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Mwekee kibakuli chake, akae nacho hapo hapo mkekani. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni milo mitatu au minne kwa siku pamoja na kitafunwa mara moja au mbili, na kila mlo uwe robo tatu hadi bakuli zima la mililita 250, huku akiendelea kunyonya hadi afikishe miaka miwili au zaidi. Kipimo hicho kinaweza kufuatwa tu pale chakula chake kinapokuwa katika chombo chake.

Dada anampa mtoto uji wa lishe wenye mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya na karanga. Je, kadiri nafaka zinavyokuwa nyingi ndivyo unavyofaa zaidi?

Dhana hiyo imeenea sana, na inastahili kurekebishwa kwa upole kwa sababu inatokana na upendo. Mahindi, ulezi, mchele na ngano ni vyakula vya kundi moja, hivyo kuvichanganya vyote hakuongezi kitu kikubwa ambacho kimoja wapo hakikukileta. Soya inahitaji moto wa kutosha ili vile vinavyozuia usagaji wa protini tumboni viharibike, na inaposagwa mbichi na kuchanganywa na unga unaoiva haraka, uji huipuliwa kabla soya haijaiva. Karanga zina mafuta mengi, na unga wake ukikaa wiki kadhaa huchacha, mbali na hatari ya sumukuvu inayoelezwa hapa chini. Tena, mtoto akidhurika na kitu kimojawapo, ni vigumu kukitambua kati ya vitu sita.

Njia iliyo salama na rahisi zaidi ni kutumia unga wa nafaka moja, kwa mfano ulezi au mahindi, kisha kuuboresha uji ukiwa jikoni kwa maziwa, yai lililopigwa na kuachwa liive, au dagaa waliokaushwa vizuri na kusagwa. Uzito wa uji ni muhimu kuliko orodha ya viungo. Chota kijiko kimoja, ukiinamishe: uji ukimiminika kama maji, mtoto anajazwa maji. Tumbo lake ni dogo, hushiba upesi, na saa moja baadaye huanza kulia. Uji unaomfaa hushuka kutoka kwenye kijiko taratibu. Na akishafikisha mwaka mmoja, uji usiwe ndio mlo wake mkuu, bali ale chakula cha familia kilichopondwa au kukatwakatwa.

Kiporo ni salama?

Inategemea kimekaa wapi na kwa muda gani. Vimelea huzaliana kwa kasi chakula kinapokuwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na joto la kawaida la jikoni katika miji ya pwani limo katikati ya kiwango hicho mchana na usiku. Ndiyo maana inashauriwa chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kinapopashwa kitokote hadi moshi upande kutoka katikati na si pembeni tu.

Wali unahitaji tahadhari ya pekee. Mchele huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kupikwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu ambayo haiharibiwi hata ukiupasha moto mkali asubuhi. Watu husema, "nimeuchemsha tena, umekufa kila kitu," na ni kweli kwamba bakteria wamekufa, lakini sumu waliyoiacha bado ipo. Wali unaobaki utandazwe katika sinia pana upoe haraka, ufunikwe, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na uliwe kesho yake. Umeme unapokatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne.

Nyumba isiyo na friji ipike wali wa kuisha. Maharage yaliyobaki usiku, hata yakichemshwa tena kabla ya kulala ili yasichache, asipewe mtoto mdogo wala bibi. Kuhusu hotipoti, chakula kiingie humo kikiwa kimetoka jikoni na kikifuka mvuke, kwa sababu chombo hicho hutunza joto lililopo wala hakipashi, na wali vuguvugu uliofungiwa humo tangu asubuhi ili watoto waukute saa tisa alasiri umekaa mahali pazuri sana kwa bakteria.

Je, chai wakati wa kula ina madhara?

Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, ina viambata vinavyoyafunga madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, hivyo mwili hupata kidogo. Kwa mjamzito, kwa binti aliyevunja ungo na kwa mtoto mdogo, ambao wanahitaji chuma zaidi, chai isubiri kama saa moja baada ya mlo. Badala yake kamua ndimu juu ya maharage, au mpe kila mmoja kipande cha chungwa, embe au pera, kwani vitamini C husaidia chuma hicho kifyonzwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili hana haja ya chai kabisa.

Mboga za majani tunazikata, tunaziosha, kisha tunazichemsha na kumwaga maji. Je, tunakosea?

Ndiyo, katika hatua mbili. Zioshwe kwanza kwa maji safi, ndipo zikatwe, kwa kuwa zikikatwa kabla vitamini zake hutoka na maji ya kuoshea. Na zisichemshwe kwa maji mengi ya kumwagwa: mchicha unahitaji kitunguu, nyanya, kijiko cha mafuta au tui, na dakika chache tu, uipuliwe ungali kijani. Mafuta hayo kidogo yana kazi, kwa kuwa vitamini A iliyomo katika majani haifyonzwi vizuri pasipo mafuta. Chumvi yenye madini joto itiwe mwishoni na ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko. Kwa mtu mzima chumvi yote ya siku, pamoja na ile iliyo katika mkate na vitafunwa, isizidi gramu 5, ambazo ni karibu kijiko kimoja cha chai.

Sumukuvu ni nini, na inahusiana vipi na unga wetu?

Ni sumu inayotengenezwa na fangasi wanaoota juu ya mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Haionekani, haina harufu, na kupika ugali hakuiondoi. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua katika maeneo ya mashariki, hasa Makueni na Kitui, na 125 walifariki. Hapa Tanzania mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara nao uliua. Anayesagisha mwenyewe achague mahindi kabla ya kuyapeleka mashineni, aondoe yaliyovunda, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa na wadudu, na wala asiyapeleke kwa kuku, maana sumu hiyo huwadhuru na wao. Dona lina virutubisho vingi kuliko sembe, lakini kwa kuwa hubeba pumba na kiini, hubeba pia sumu iliyomo humo. Dona lifanywe kwa mahindi unayoyajua, na lisagwe kidogo kidogo, kwani haliwekeki muda mrefu.

Tunakula saa mbili usiku na mara nyingine mdogo huwa ameshalala. Tumwamshe?

Asiamshwe. Chakula chake kipikwe mapema, hata kama ni kiazi kitamu cha njano kilichopondwa kwa maziwa pamoja na yai, ale kabla ya saa moja. Kazi hii humwangukia dada, na si haki kumwachia bila maelekezo. Kaa naye jioni moja, mkubaliane mtoto atakula nini na saa ngapi, mwonyeshe kibakuli na kiasi, mwonyeshe namna ya kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha, na ahakikishiwe kwamba yeye pia anakula chakula kile kile cha familia.

Tutajuaje kama mgawo wetu unamtosha mtoto?

Mpeleke kliniki kila mwezi apimwe, na usome mwenendo wa mstari kwenye kadi yake: mstari uliolala miezi miwili mfululizo unahitaji mazungumzo na mhudumu, hata kama mtoto anacheza vizuri. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza pia kumpima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wenye rangi, kuanzia miezi sita hadi umri wa miaka mitano. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, naye aongezewe chakula na kufuatiliwa. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, sawa na mtoto yeyote aliyevimba miguu yote miwili, hata kama utepe wake unaonyesha kijani.