Misaada ya nchi tajiri: yanayosemwa na ukweli wake

"Nchi tajiri zinamwaga mali zao kwa maskini."
Hazimwagi. Mwaka 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliweka lengo kwamba kila nchi tajiri itoe asilimia 0.7 ya pato lake la taifa, yaani senti 70 katika kila dola 100. Zilizofika hapo na kudumu kwa miaka mingi zinahesabika kwa vidole, zikiwemo Norwei, Uswidi, Denmark na Luxembourg. Uingereza ilifika mwaka 2013, kisha mwaka 2021 ikapunguza hadi 0.5.

"Misaada yote huliwa na wakubwa."
Iko iliyoliwa, na inauma. Mobutu wa Zaire aliendelea kupewa miaka nenda miaka rudi, na wizi wake ukijulikana, kwa kuwa alisimama upande wa Magharibi katika Vita Baridi. Fedha zile zilinunua utii. Kuzitumia kuhukumu misaada mingine yote ni kuwaonea wanaoihitaji.

Tazama ugonjwa wa ndui. Kampeni ya kuitokomeza ilipamba moto kuanzia mwaka 1967. Umoja wa Kisovieti ulitoa chanjo nyingi bila malipo. Marekani, hasimu wake, ikatoa wataalamu na fedha. Chombo chenyewe kilikuwa kisindano chenye ncha mbili kama uma. Unakichovya, kinanasa tone moja la chanjo, unadonoadonoa ngozi ya mkono mara 15, basi. Asiye daktari alifundishwa akakiweza kwa muda mfupi, ndiyo maana waliopita nyumba kwa nyumba wengi wao walikuwa wenyeji. Oktoba 1977, mjini Merka, Somalia, mpishi wa hospitali alitokwa na vipele. Alipona, na baada yake hakuna tena aliyepata ndui kwa maambukizi ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba imetokomea.

"Ni sadaka tu, mtoaji haambulii kitu."
Leo hakuna nchi, tajiri wala maskini, inayolazimika kumchanja kila mtoto dhidi ya ndui, wala msafiri haulizwi cheti chake mpakani. Nchi tajiri zinapaswa kusaidia hata pasipo faida hiyo, lakini faida ipo.

"Ukisaidiwa utabaki ombaomba."
Korea Kusini ilitegemea sana misaada baada ya vita vya 1950 hadi 1953. Mwaka 2010 ilijiunga na kamati ya nchi wafadhili ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri.

"Dola iliyotangazwa ndiyo inayofika."
La hasha. Kanuni za OECD huruhusu nchi tajiri kuhesabu kuwa msaada gharama za kutunza wakimbizi ndani ya mipaka yake kwa mwaka wao wa kwanza. Nayo sheria ya Marekani imetaka angalau nusu ya shehena za chakula cha msaada zibebwe na meli zenye bendera ya Marekani, hata kama kuna meli nyingine yenye nauli nafuu. Mwenye njaa anangoja, na sehemu ya fedha zilizotajwa kwa jina lake imekwisha kulipwa kwa mwenye meli.