Japa na unyenyekevu: yanayosemwa na yalivyo

Japa ni kurudia-rudia jina la Mungu kwa kuhesabu shanga. Wapo wanaomwona mfuasi wa Krishna, anayeabudiwa katika Uhindu, ananong'ona, mkono umezama kwenye kifuko cha kitambaa, wakasema huyo anaita majini. Kifukoni mna tasbihi ya shanga 108, aghalabu za mti wa tulasi, zinazopitishwa moja moja kati ya kidole gumba na cha kati. Cha shahada hakizigusi. Kila shanga mantra moja, yaani maneno matakatifu yanayorudiwa. Wala si siri: maneno yenyewe ni majina ya Mungu, na huimbwa hadharani kwa ngoma na matoazi.

Wengine hudhani mwenye hesabu kubwa ndiye mcha Mungu zaidi. Katika ISKCON, jumuiya ya wafuasi wa Krishna iliyoanzishwa New York mwaka 1966, waliopokea diksha, yaani kuingizwa rasmi katika uanafunzi, huahidi mizunguko 16 ya tasbihi kwa siku, yaani mantra 1,728. Hiyo ni nidhamu, si cheo. Yoga Sutra, maandiko ya kale ya yoga ya Patanjali (1.28), inataka kurudia kuandamane na kuzingatia maana. Anayezikimbiza shanga awahi chai amehesabu tu, na anayewatangazia wenzake idadi yake, heri angelala.

Eti ni lazima kichwa kiwe kitupu? Hapana. Mawazo huja, unalirudisha sikio kwenye jina, basi.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba unyenyekevu ni kukubali kuonewa. Hutegemezwa kwenye ubeti wa tatu kati ya minane ya Chaitanya, mwalimu wa ibada ya Krishna huko Bengal (1486–1534): jina aliimbe aliye mnyenyekevu kuliko jani la nyasi, mvumilivu kuliko mti, asiyedai heshima bali huwapa wengine. Asiyedai heshima, naam. Haki ya kuabudu ni jambo jingine.

Wasimulizi wa maisha yake wanaeleza kuwa kadhi wa Navadvip, mji wa Bengal, alipiga marufuku kuimba majina ya Mungu hadharani, na ngoma ikavunjwa. Chaitanya hakujikunyata. Usiku aliongoza umati wenye mienge hadi kwa kadhi, na wenye hasira wakaiharibu bustani yake. Kadhi akajificha ndani. Chaitanya akaketi, akatuma watu wa heshima wakamwite, wakazungumza wakiitana mjomba na mpwa, kwa undugu wa kijiji. Marufuku ikaondolewa, na kadhi akaahidi kwamba hata uzao wake hautauzuia uimbaji huo.