Treni kwenye kava haiifanyi saa kuwa ya reli

Kila nikiingia mtandaoni nakuta mtu anauza saa ya mfukoni ya Marekani, nyuma imechongwa kichwa cha treni kinatoa moshi, chini ameandika "saa ya reli orijino", na watu wanagombania bei. Jamani, hiyo treni ni pambo. Makava yenye treni, ndege, maua, yote aliuziwa yeyote mwenye hela, na dereva wa treni mwenyewe mara nyingi alitembea na saa yenye kava tupu lisilo na mchoro wowote.

Saa ya reli, yaani iliyokubaliwa kutumiwa na wafanyakazi wa treni kazini, inajulikana kwa mashine ya ndani. Mwezi Aprili 1891 treni mbili ziligongana pale Kipton, Ohio, ndipo sonara mmoja wa Cleveland, Webb C. Ball, akapewa kazi ya kukagua saa za wafanyakazi wa reli. Masharti yaliyokuja kuenea ni haya: uso wazi bila kifuniko, saizi 16 au 18 kwa vipimo vya saa vya Kimarekani, mawe ya ndani ya mashine yasiyopungua 17, iwe imerekebishwa kwa mikao mitano (yaani iende sawa hata ikilazwa au kusimamishwa), isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, na namba nyeusi zinazosomeka haraka. Wengine wanadhani hiyo ilikuwa sheria moja ya nchi nzima, hapana, kila kampuni ya reli ilikuwa na orodha yake na ilibadilika badilika, saa iliyokubaliwa miaka ya 1890 ingeweza kukataliwa miaka ya 1920.

Eti wafanyakazi wa reli waligawiwa saa bure? Walijinunulia kwa mshahara wao, na bado wakalazimika kuzipeleka kwa mkaguzi aandike kwenye kadi imetangulia au imechelewa sekunde ngapi.

Mwaka wa saa nao usiutafute kwenye kava. Enzi hizo mashine na kava viliuzwa kila kimoja peke yake, mteja anachagua dukani, sonara anavipachika, kwa hiyo fungua nyuma usome namba ya kwenye mashine yenyewe. Na kava likiandikwa miaka 20 au 25 hiyo ni dhamana ya tabaka la dhahabu lililovikwa juu ya madini mengine, yaani watu wanalipa bei ya dhahabu tupu kwa kitu ambacho sicho, na muuzaji wakati mwingine hata yeye hajui.

Jina la Ball kwenye uso pia linachanganya watu. Mashine hakuunda yeye, alizichukua kwenye viwanda vya saa vya Hamilton, Waltham, Elgin na kwingineko. Mawe nayo ni vijiwe vidogo vya rubi vya kupunguza msuguano, ukivitoa huvipeleki popote kuuza, na mawe 23 siyo lazima yashinde 21. Saa aina ya Hamilton 992 ina 21 na watu wa reli waliipenda mno.

Sasa hii ndiyo inaniuma kuliko zote. Mtu ananunua saa, anavuta kile kichwa cha kutilia ufunguo ili aseti muda, hakivutiki, anasema mbovu, anachukua koleo. Nimeshashika saa iliyovunjwa hivyo, mashine safi kabisa, ekseli imekatika bure! Nyingi za reli zilisetiwa kwa kijiti kilichofichwa, makusudi, ili mtu asije akasogeza mishale bila kujua wakati anatia ufunguo. Fungua fremu ya kioo cha mbele taratibu kama mfuniko wa chupa, angalia pembeni ya uso, karibu na namba 1 hivi utaona ncha ya hicho kijiti cha chuma, kivute kwa ukucha, ndo uzungushe kile kichwa mishale iende. Ukimaliza kirudishe ndani kabla hujafunga kioo.

Na ile ya "imetiwa ufunguo kupita kiasi ndo maana imesimama", mara nyingi ni oili iliyokauka. Usiilazimishe kutembea, mpelekee fundi saa aifungue aioshe kwanza, ndo uanze kuhesabu sekunde zake.