Seli za ukoo mmoja: mambo tunayoyasoma vibaya kwenye majibu ya vinasaba

Juzi kaka mmoja alinikuta koridoni hapa Upanga. Amemleta mama yake kutoka Mbagala, mtoki wa shingoni una miezi kadhaa. Akanionyesha karatasi ya majibu. "Dokta, wameandika seli ni za ukoo mmoja. Si ndiyo kansa hiyo?" Nikamwambia bado, kaka, tukae kwanza.

Limfosaiti (chembe za kinga) za B na T zinapokomaa, kila moja hukata na kuunga upya sehemu ya vinasaba vyake ili itengeneze kipokezi chake, yaani kile inachotambulia adui. Urefu wa kipande kilichoungwa hutofautiana. Kwenye tezi inayopigana na maambukizi, seli ni za koo nyingi, yaani zimetokana na seli mama tofauti, na grafu ya PCR (kipimo kinachonakili vipande hivyo mara nyingi) huchora kilima. Seli moja ikizaa kupita kiasi, vipande vinalingana urefu na grafu inasimama kama mnara.

"Mnara ukionekana ni saratani." Hapana, na kosa hili ndilo linalowanyima watu usingizi. Kinga ya mwili inapopambana na virusi kama vya Epstein-Barr (EBV) au VVU inaweza kukuza koo chache zikatawala. Wapo wazee wazima wa afya wenye ukoo mkubwa wa seli T damuni, na wengine wenye kikundi kidogo cha seli B za ukoo mmoja ambacho hufuatiliwa tu, bila dawa.

Halafu kuna mnara wa uongo. Sindano nyembamba ikileta limfosaiti chache, PCR itazikuza hizohizo chache na grafu itaonekana kama ukoo. Kwa hiyo sampuli hupimwa mara mbili. Mimi huzipandanisha karatasi mbili za grafu na kuziinua dirishani kwenye mwanga: mnara wa kweli unasimama palepale, wa uongo unahama. Kwenye karatasi ya yule mama palikuwa na kipimo kimoja tu, na kinyama kilitolewa kwa sindano.

"Hakuna ukoo, basi yuko salama." Hili naliogopa zaidi, maana hapa Dar mtoki wa shingoni kwanza hudhaniwa TB, na wapo waliomeza dawa za TB miezi mingi huku limfoma, yaani saratani ya limfosaiti, ikikua. Kwenye limfoma ya folikula, aina moja ya limfoma ya seli B, seli hubadilisha herufi za vinasaba vyake hadi praima, vile vipande vifupi vya vinasaba ambavyo PCR huanzia, zinakosa pa kushika. Kuongeza kipimo cha mnyororo wa kapa, sehemu nyingine ya kipokezi cha seli B, huokoa mengi ya majibu hayo, na ndiyo sababu maabara za Ulaya zilipochapisha praima zao za pamoja, BIOMED-2, mwaka 2003, zilikiweka pia. Kwenye ugonjwa wa Hodgkin, limfoma ya aina nyingine, seli mbaya mara nyingi ni kama 1 katika 100, zimezama katikati ya seli za kawaida. Limfoma ya seli NK, limfosaiti ambazo si B wala T, haina kabisa kipokezi cha T kilichoungwa. Anayeliona tatizo hapo ni mwenye hadubini.

"Ukoo wa kipokezi cha T ni ugonjwa wa seli T." Si lazima. Lukemia (saratani ya damu) kali ya seli B ya watoto mara nyingi huwa na vipokezi vya T vilivyoungwa.

"Kinyama kikishaingia kwenye fomalini hakiharibiki." Fomalini isiyo na bafa (kemikali ya kuzuia tindikali) hugeuka tindikali na kukatakata vinasaba, na kontena likikaa siku nyingi kwenye joto letu hali huwa mbaya zaidi. Kipande cha mfupa chenye uboho kilicholainishwa kwa asidi ni vilevile. Tazama kipimo cha udhibiti, kinachoonyesha vinasaba vya sampuli vimebaki na urefu gani: kama vipande vilivyotoka ni vya herufi 100 na 200 tu, usitegemee jozi ya praima iitwayo FR1, ya mnyororo mzito wa kipokezi cha seli B, maana inahitaji 310 hadi 360. Jozi ya FR3, ya 100 hadi 170, bado inaweza kutoka. Kwa jozi isiyotoka kwa sababu hiyo, ripoti iseme "sampuli haikufaa". Kuandika "hakuna ukoo" ni kumdanganya mgonjwa.

Yule kaka tulimwandikia barua mama akatolewe tezi nzima, asichomwe sindano tena. Kipande kimoja kiingie kwenye fomalini yenye bafa siku hiyohiyo, kingine kigandishwe kibichi, na anayesoma grafu apewe slaidi pia. Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa shati, akaenda kumshika mama yake mkono.