Je, Wajua kwa Nini Yakuti ya Buluu Hubadilika Ukiitoa Nje ya Duka?

Ukiingia kwa sonara katikati ya mji wa Kisumu kutafuta pete ya uchumba, kisha ukaonyeshwa yakuti ya buluu, au safaya kama wengi wanavyoiita, tazama kwanza juu ya kabati la kioo. Utakuta safu ya taa ndogo nyeupe, kali, zimeelekezwa pale pale jiwe lilipo. Omba ruhusa utoke nalo barazani. Si ajabu buluu iliyokuvutia dakika moja iliyopita ikaingia weusi wa wino, au ikavuta kijani ambacho hukukiona kabisa ndani.

Hujaibiwa. Jiwe ni lile lile, kilichobadilika ni mwanga. Yakuti haina rangi ya kujitolea yenyewe. Inachofanya ni kumeza sehemu ya mwanga, hasa wekundu na umanjano, na kuiacha buluu ipite. Taa nyingi nyeupe za LED zina buluu tele, basi jiwe hulishwa kile kile linachotaka kukirudisha. Balbu ya zamani yenye mwanga wa manjano ina buluu kidogo, na chini yake jiwe hilo hilo hupooza au kuvuta zambarau.

Buluu yenyewe inatoka wapi? Yakuti ni korundamu, yaani alumini na oksijeni zilizoshikamana, na ikiwa safi kabisa haina rangi. Ikiingiwa na titani peke yake, bado haionyeshi rangi. Ikiingiwa na chuma peke yake, hupata umanjano au ukijani hafifu. Lakini viwili hivyo vikikutana ndani ya jiwe moja, hata kwa kiasi kidogo mno, elektroni huruka kutoka kwenye chuma kwenda kwenye titani kila mwanga unapopita, na mwanga unaomezwa katika mruko huo ndio unaotuachia buluu. Chuma kikizidi, jiwe huwa zito machoni, lenye giza na kijani. Mawe ya Garba Tula, kaunti ya Isiolo, yanajulikana kwa tabia hiyo: buluu nzito, kijani, hata manjano ya dhahabu. Mengine ni mazuri sana, ila hayafanani na buluu angavu ya Sri Lanka.

Kwa hiyo anza na rangi, karati, yaani uzito wa jiwe, zitafuata. Simama kivulini, si juani, uliweke jiwe juu ya karatasi nyeupe na kuligeuza polepole. Buluu inayolipiwa sana ni ile iliyokolea bila kufa, pengine na zambarau kwa mbali. Ukipata nafasi, rudi alasiri mawingu ya mvua yakishatanda mjini. Jiwe linalobaki buluu katika mwanga huo wa kijivu, kwangu mimi, limelishinda jiwe kubwa zaidi linalong'aa dukani tu.

Sasa liweke juu ya gazeti, uso wake mpana ukiangalia juu. Kama unaweza kusoma herufi za Taifa Leo kupitia katikati yake, lina dirisha: mwanga unapita moja kwa moja hadi chini badala ya kugonga nyuso za nyuma na kurudi machoni mwako. Hilo ni kosa la mchongo, na hukutana nalo mara nyingi, kwa kuwa mchongaji hulipwa kwa uzito na hachukui hatua ya kupoteza jiwe ili kupata pembe sahihi. Kinyume chake ni kitambi: tumbo nene chini ya jiwe, linaloongeza karati lakini halionekani likishafungwa kwenye pete. Unalipia usichokiona.

Halafu ulipindue na kulitazama kwa ubavu. Rangi ya yakuti mara nyingi haijaenea sawasawa, imekaa kwa mistari. Mchongaji hodari huiacha ile sehemu yenye buluu pale kwenye ncha ya chini, na ukitazama kutoka juu jiwe lote linaonekana buluu, ilhali kwa ubavu karibu nusu ni maji matupu. Hapo hapana udanganyifu, ni ufundi, na mimi humvulia kofia. Bei tu ndiyo inayopaswa kujua habari hiyo.

Madoa ya ndani yasikutishe sana. Yakuti ya asili karibu kila mara huwa na kitu ndani, na nyuzi laini ziitwazo hariri huweza hata kulainisha buluu ikapendeza zaidi. Ufa unaofika usoni ndio wa kuogopa.

Wapo watakaokwaruza kioo mbele yako kuthibitisha kwamba jiwe ni halisi. Kioo hukwaruzwa hata na kwatzi (quartz), jiwe la kawaida kabisa. Yakuti ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs, kinachoishia 10, lakini yakuti ya maabara ina 9 vilevile, kwa sababu ni kitu kile kile kilichotengenezwa na binadamu. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kuyeyusha korundamu kwa moto mwaka 1902, kwanza kwa jiwe jekundu, na ya buluu ilifuata miaka michache baadaye. Dalili yake huonekana kwa lenzi ya mara kumi: mistari iliyopinda, wakati ile ya asili hunyooka na kukutana kwa pembe. Tanzanaiti nayo huuzwa kimakosa, au kimakusudi, kama yakuti. Ni kito kizuri, lakini ugumu wake hauvuki 7, na vumbi letu lina mchanga wa kwatzi wenye 7. Pete ya kuvaliwa kila siku itafifia.

Uliza pia kama jiwe limepashwa moto. Mengi yamepashwa, kwa nyuzi zaidi ya elfu moja za Selsiasi, ili kusafisha rangi, na biashara inakubali mradi muuzaji aseme. Lisilopashwa hugharimu zaidi, na hapo neno la mdomo halitoshi, unahitaji cheti cha maabara ya vito. Vivyo hivyo asili yake. Anayekuambia limechimbwa Kakamega mpe swali la pili, maana huko kumejulikana kwa dhahabu tangu miaka ya 1930, si kwa yakuti.

Na kuhusu ukubwa: yakuti ni nzito kuliko almasi, hivyo ya karati moja huonekana ndogo kuliko almasi ya karati moja. Ile pete ya marehemu Diana, ambayo Prince William alimvisha Kate huku kwetu Kenya mwaka 2010, ina yakuti ya karati 12, na wengi huleta picha yake kwa sonara wakitaka mfano wake. Wafikirie kwanza mikono yao. Na jiwe lolote wapime kabla halijafungwa, kisha waombe lifungwe huku nyuma pakiwa wazi, maana nyuma iliyozibwa huficha mchongo, rangi na hata karatasi ya kung'arisha iliyobandikwa chini.