Si kila anayekuja dukani ni mteja wako

Wenye maduka wengi Newala na Tandahimba, wilaya za korosho mkoani Mtwara, huamini kwamba kumnyima mtu mkopo ni kufukuza riziki. Hesabu inakataa. Tuseme mzigo umeununua kwa shilingi 45,000 na kuuuza kwa 50,000. Aliyeuchukua asipolipa, utahitaji kuuza mizigo 9 kama huo, kwa fedha taslimu, ili tu urudishe mtaji. Wakati huohuo rafu iko tupu, na mnunuzi wa kila siku, mwenye 2,000 yake mkononi, amehamia duka la jirani. Huyo ndiye wa kumlinda kwanza.

Mkulima wa korosho naye ni mteja mzuri, ila fedha yake ina msimu. Minada huanza karibu Oktoba, na malipo hupitia benki baada ya mnada, si siku ya kupeleka korosho ghalani. Kwa hiyo usiandike “atalipa akivuna”. Andika jina, kiasi na tarehe, kisha atie saini. Usikadirie mkopo kwa bei ya korosho ya mwaka jana. Bei ikishuka, deni lako ndilo litakalosubiri. Mwenye deni la zamani asiongezewe hata sabuni.