Matokeo ya mgonjwa baada ya upasuaji wa ubongo: maana yake na namna yanavyopimwa

Daktari akitoka chumba cha upasuaji na kuwaambia ndugu kwamba operesheni imekwenda vizuri, anazungumzia kazi aliyoifanya: damu iliyovilia imetolewa, uvimbe umeondolewa, hakuna mshipa unaovuja. Matokeo ya mgonjwa ni jambo jingine. Kitabibu, hayo ni hali ya mtu huyo katika maisha yake baada ya muda uliopangwa kupita: yu hai au amefariki, anajitambua au hajitambui, anajihudumia kwa kiasi gani, amerudi kazini au shuleni, na mwenyewe anajionaje. Operesheni inaweza kwenda vizuri kabisa na mgonjwa akabaki kitandani asimtambue mwanawe.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili linagusa nyumba nyingi. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inapanda Kitonga, inapita Mafinga, Makambako na Uyole, imejaa malori mchana na usiku, na bodaboda zinapenya katikati yake. Kijana anaanguka bila kofia ngumu, anakimbizwa hospitali, fuvu linafunguliwa. Rungwe nako, msimu wa mvua, mzee anateleza shambani, anainuka na kuendelea na kazi zake, kisha wiki kadhaa baadaye anaanza kuchanganyikiwa na kuburuta mguu kwa sababu damu imevilia taratibu juu ya ubongo. Wote wawili wakifanyiwa upasuaji, swali la familia ni moja: atarudi kuwa yule yule?

Kipimo kinachohesabiwa kwa urahisi ni uhai, na kwa kawaida huangaliwa siku 30 baada ya upasuaji. Ni lazima kihesabiwe, lakini hakisemi chochote kuhusu waliobaki hai.

Kuna kipimo kingine ambacho ndugu hukisikia wodini na kukidhania ni cha matokeo. Muuguzi anasema mgonjwa alikuwa na alama 7, sasa ana 13. Hicho ni kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett katika mji huo wa Scotland. Hutazama kufumbua macho, kuongea na kusogeza viungo, na alama zake huanzia 3 hadi 15. Kinaeleza kiwango cha fahamu kwa saa ile. Mtu anaweza kuondoka wodini akiwa na 15 kamili na bado asiweze kupika uji bila kusahau moto.

Kinachopima matokeo hasa, yaani kipimo cha matokeo cha Glasgow, kilifuata mwaka 1975, kazi ya Jennett huyo huyo pamoja na Michael Bond. Kina ngazi tano: kifo, kuishi bila kujitambua, ulemavu mkubwa, ulemavu wa kati, na kupona vizuri. Baadaye ngazi tatu za juu ziligawanywa mbili mbili, zikawa nane kwa jumla. Ninakipenda kipimo hiki kwa sababu maswali yake ni ya maisha ya kila siku, hayahitaji mashine wala maabara. Je, anaweza kuachwa peke yake nyumbani kwa muda wa saa nane wakati wa mchana? Kama hawezi, yuko nusu ya chini ya ngazi ya ulemavu mkubwa. Kama anaweza, yuko angalau nusu ya juu ya ngazi hiyo. Je, anaweza kwenda sokoni bila msaada? Kwa mkazi wa Mbeya hilo lina maana ya kupanda daladala hadi Mwanjelwa, kununua kinachotakiwa, kuhesabu chenji na kurudi. Anayeweza hayo na safari za karibu, lakini hawezi kazi kama zamani, ana ulemavu wa kati. Aliyerejea kwenye maisha yake, hata kama amebaki na kasoro ndogo, anahesabiwa kuwa amepona vizuri.

Kwa nini mgawanyo huu ni muhimu? Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uitwao RESCUEicp, unajibu vizuri kuliko maelezo yoyote. Ulihusisha wagonjwa 408 walioumia kichwa, ambao shinikizo ndani ya fuvu lilikataa kushuka kwa matibabu ya kawaida. Kundi moja liliondolewa sehemu ya fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi. Jingine liliendelea na dawa. Baada ya miezi 6, waliofariki walikuwa asilimia 26.9 katika kundi la upasuaji na asilimia 48.9 katika kundi la dawa. Tofauti kubwa sana. Ukiishia hapo utasema upasuaji umeshinda na mjadala umekwisha. Lakini waliobaki hai bila kujitambua walikuwa asilimia 8.5 kwa waliopasuliwa, dhidi ya asilimia 2.1 kwa wale wa dawa, na wenye ulemavu mkubwa pia walikuwa wengi zaidi upande wa upasuaji. Upasuaji uliokoa watu, na baadhi ya waliookolewa waliingia kwenye maisha ya kutegemea wengine kwa kila kitu. Familia inayoombwa kusaini ridhaa inastahili kuambiwa yote mawili.

Utafiti huo unaonyesha pia uzito wa muda. Watafiti walihesabu kuwa na matokeo mazuri kila aliyeweza angalau kujitegemea ndani ya nyumba. Kwa miezi 6, tofauti ya makundi katika hilo haikuwa ya kutosha kuthibitisha jambo. Kwa miezi 12, walikuwa asilimia 45.4 kwa waliopasuliwa dhidi ya asilimia 32.4. Ubongo hupona polepole, na anayempima mgonjwa mapema mno anaweza kumhukumu kabla ya wakati. Ndiyo maana hospitali ikitoa takwimu zake ni haki kuuliza: mmepima baada ya miezi mingapi, na "nzuri" kwenu inaanzia ngazi ipi?

Magonjwa mengine yana vipimo vyake. Kwa uvimbe wa ubongo hutumika sana kipimo cha Karnofsky, cha 0 hadi 100, ambapo 70 ni mtu anayejihudumia lakini hawezi kazi zake za kawaida. Kwa kiharusi kuna kipimo cha Rankin, 0 hadi 6. Kwa watoto wenye vichwa vikubwa, ukubwa wa kichwa pekee hautoshi. Kinachotakiwa ni kujua mtoto anakua vipi kiakili. Uganda, kwenye utafiti wa Mbale uliochapishwa mwaka 2017, watoto wachanga 100 waliojaa maji kichwani baada ya maambukizi walilinganishwa, wengine wakiwekewa mrija na wengine wakifanyiwa upasuaji wa kamera, na kigezo kikuu kilikuwa ukuaji wao wa akili baada ya miezi 12. Makundi hayo hayakutofautiana kwa hilo.

Kisha kuna suala la nani anayejibu. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia, mgonjwa anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba hana tatizo, huku mkewe akieleza kwamba mume amekuwa mkali, anagawa fedha hovyo, na hakumbuki alichoambiwa asubuhi. Mgonjwa hadanganyi; sehemu ya kujitazama ndiyo iliyoguswa. Kwa hiyo anahitajika pia mtu anayeishi naye.

Lakini linaloharibu takwimu za mikoa yetu kuliko yote ni wagonjwa wasiorudi. Mtu wa Ludewa au ndani ya Chunya akipewa tarehe ya kliniki Mbeya mjini, anapiga hesabu ya nauli, chakula, pa kulala na mtu wa kumsindikiza, tena pengine ni wakati wa kupanda. Wengine hawaji kwa sababu wamepona na wako shambani. Wengine wameshazikwa na hospitali haina habari. Ukihesabu waliofika tu, hujui umepotoka upande gani. Maswali ya kipimo cha matokeo cha Glasgow yanaweza kuulizwa kwa simu, na nadhani kila mgonjwa wa upasuaji wa ubongo angeandikiwa namba mbili za ndugu kabla ya kuondoka wodini, kisha akapigiwa miezi 6 baadaye.

Kwa wenye mgonjwa: kwa kuwa kipimo hulinganisha na maisha ya awali, andikeni mapema alikuwa akifanya nini kabla ya kuumia. Alilima ekari ngapi, aliendesha nini, alishika hesabu za duka au hapana, alikuwa na kifafa au ulevi wa zamani. Siku ya kliniki aende naye aliyelala naye nyumba moja, si yule tu mwenye nauli.